Paukwa na La Mgambo: Kumfundisha Mwanafunzi wa Skuli ya Msingi Kutambua Aina za Maandishi

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa skuli za msingi, wazee wa wanafunzi, watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla.)

Hapana mtoto wa Visiwani ambaye hajui, hata kabla ya kutia mguu skuli, kwamba yako maneno ya namna mbili. Bibi anapokaa kitako jioni akasema "Paukwa!", watoto hujibu "Pakawa!", na papo hapo wote waliopo huwa wameafikiana kwamba sungura ataweza kusema, jini ataweza kukaa ndani ya chupa, na kijana maskini ataweza kuvuka bahari saba akarejea na binti wa mfalme. Hapana anayemwuliza Bibi sungura huyo anakaa shehia gani. Lakini Sheha anapobandika karatasi katika ukuta wa duka kuwaarifu wananchi kwamba maji ya bomba yatafungwa siku ya Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, hapana anayejibu "Pakawa". Kila mtu huitafuta ndoo yake. Wahenga walisema: La mgambo likilia, lina jambo.

Basi haya ndiyo matawi mawili makubwa ya maneno, na kwa hivyo ndiyo matawi mawili makubwa ya maandishi. Liko tawi la fasihi, ambalo ndani yake zimo ngano, hekaya, riwaya, mashairi, tenzi na michezo ya kuigiza. Liko na tawi la taarifa, ambalo ndani yake yamo matangazo, maelekezo, habari za magazeti, ratiba, ripoti, tarihi, na maelezo ya elimu ya viumbe na ya nchi. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini mwanafunzi wa skuli ya msingi anahitaji kufundishwa kuyapambanua matawi haya anapoyasoma, na kwa njia gani mwalimu anaweza kumfundisha bila ya gharama kubwa.

MTOTO ANAPOONDOKA KATIKA SAUTI AKAINGIA KATIKA KARATASI

Ikiwa mtoto ameshajua tafauti hii kwa masikio, yumkini mtu akauliza: kuna haja gani ya kumfundisha tena? Haja ipo, na ni kubwa. Mtoto anapoanza kusoma, maneno hayana tena sauti ya Bibi wala hayana heshima ya Sheha. Yote yamelala juu ya karatasi ya rangi moja, kwa herufi za aina moja, ndani ya kitabu kimoja. Katika ukurasa huu ipo ngano ya Sungura na Fisi. Akifunua, anakuta somo la mbu na malaria. Akifunua tena, anakuta shairi la beti nne, na baada yake barua ya kikazi. Chini ya kila somo yamewekwa maswali matano ambayo yanafanana kama mapacha. Mwanafunzi huyo aliyekuwa hodari wa kupambanua kwa sikio hujikuta hana alama ya kumwongoza jicho lake.

Hapo huzuka makosa ya namna mbili. Wapo wanafunzi wanaoamini kila kilichopigwa chapa, kwa hoja kwamba kimeandikwa kitabuni. Wapo na wengine, ambao ni wengi zaidi, wanaosoma kila kitu kama hadithi: huanzia juu, hufuata maneno mpaka chini, kisha hufunga kitabu na kubakia na ladha ya jumla tu. Ukiwauliza idadi, kipimo, siku au saa, hawana jibu, kwani walidhani mambo hayo ni mapambo ya habari.

Inafaa izingatiwe hasara inayoweza kutokea. Chukua mfano wa nyumba ambayo mtoto mchanga anaharisha. Usiku umeingia na kituo cha afya ki mbali. Katika nyumba nzima msomaji ni mwanafunzi wa darasa la nne, naye amepewa karatasi ya maelekezo ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Katika ngano, vijiko sita vikisemwa saba hapana kinachoharibika, kwani saba ya ngano ni wingi na ukamilifu, ni sehemu ya utamu wa masimulizi. Katika karatasi hii, sita ni sita na nusu ni nusu. Mwanafunzi akivipindua vipimo hivyo, chumvi ikawa sita na sukari ikawa nusu, kinywaji ambacho kilikusudiwa kuokoa kitamdhuru mtoto na kinaweza kumwua.

Mwanafunzi huyo hakushindwa kusoma. Herufi zote amezitamka sawasawa, na pengine darasani ni wa mbele. Alichokikosa ni kutambua kwamba karatasi iliyo mkononi mwake inamtaka asome polepole, arejee alipotoka, apime, na asizidishe wala asipunguze. Elimu hiyo haiji yenyewe. Lazima ifundishwe.

KIPIMO CHA UKWELI NA UONGO HAKITOSHI

Ndugu Walimu, njia ambayo wengi huishika kwanza ni kumwambia mwanafunzi kwamba maandishi ya fasihi ni ya uongo na maandishi ya taarifa ni ya kweli. Njia hiyo ni fupi, lakini haifiki. Mfano wa kima unatosha kulibainisha jambo hili.

Ngano ya Kima na Papa imesimuliwa Unguja kwa muda mrefu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, aliipata kwa wasimulizi wa hapa, nayo imo katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili uliopigwa chapa London mwaka 1870. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari na kumtupia matunda rafiki yake papa. Siku moja papa anamchukua mgongoni kwenda kumkaribisha kwao, na walipofika katikati ya maji anamfichulia kwamba Sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwa utulivu kwamba wenzake hawatembei na mioyo yao. Huiacha juu ya miti. Basi papa anamrejesha akauchukue. Kima anapanda mtini, na hateremki tena.

Baada ya ngano hiyo, mwanafunzi awekewe maelezo mafupi ya kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja na ambaye anaonekana kwa wingi katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Ataelezwa kwamba kima huyu hukaa kwa makundi. Kwamba kidole gumba chake ni kidogo mno kiasi cha kuonekana kama hana. Kwamba hupenda majani machanga na matunda mabichi kuliko matunda yaliyoiva. Na kwamba hula makaa ya kuni. Wataalamu waliomchunguza wanaeleza kwamba makaa hayo humsaidia kuipunguza sumu iliyomo katika majani anayokula, kama vile ya miembe na mikungu.

Sasa mwanafunzi aulizwe: katika habari hizi mbili, ni jambo gani lisiloaminika? Aghlabu atasema moyo ulioachwa mtini, na atasema pia kima anayekula makaa. Kwa hilo la pili atakuwa amekosea. Jambo linaloshangaza linaweza kuwa la kweli kabisa, na kima wa Jozani ni shahidi. Kwa upande mwengine, kwamba rafiki anaweza kumchukua mwenziwe mgongoni kwa maneno matamu ilhali ana nia ya kumwangamiza, na kwamba akili inaweza kumwokoa mnyonge mbele ya mwenye nguvu, ni mambo ambayo hutokea baina ya wanaadamu kila siku. Mambo hayo yamo katika ngano na hayamo katika maelezo ya kima punju.

Kwa hivyo si haki kuiita ngano uongo. Mwongo humtaka msikilizaji asijue kwamba anadanganywa. Msimulizi wa ngano humjulisha tangu mlangoni, kwa neno "Paukwa", na msikilizaji huingia kwa hiari yake. Baadhi ya wazee huwazuia watoto wao kusoma hadithi kwa kudhani kwamba watazoea kusema uongo. Khofu hiyo haina msingi, na inamnyima mtoto zoezi lenyewe analolihitaji, nalo ni la kujua wakati gani ameingia katika ngano na wakati gani ametoka.

MASWALI MATATU

Badala ya kuwakaririsha wanafunzi tafsiri ndefu za tanzu, mwalimu anaweza kuwazoesha kuuliza maswali matatu kila wanapopewa maandishi mapya.

Swali la kwanza: Maandishi haya yanamtaka msomaji afanye nini? Tangazo la maji linamtaka ateke maji mapema. Maelekezo ya dawa yanamtaka apime na afuate. Somo la jiografia linamtaka ajue. Ngano inamtaka acheke, aogope, ahurumie, na hatimaye azingatie. Shairi linamtaka asikilize vina na mizani pamoja na maana, na pengine alihifadhi moyoni. Mwanafunzi akilijibu swali hili, ameshaipata nusu ya njia.

Swali la pili: Mtu akitia shaka, athibitishe wapi? Kitabu cha tarihi kikisema kwamba mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali mikarafuu ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, jambo hilo lina mwaka, lina mahali, na zipo kumbukumbu zilizoandikwa na watu waliokuwepo. Msomaji anaweza kulifuatilia. Ngano inapoanza kwa "Hapo zamani za kale", imekwisha kusema kwamba siku yake haimo katika kalenda, na anayeitafuta hataipata. Ngano hupimwa kwa mizani yake yenyewe: je, wahusika wake wanafanana na watu? Je, jambo moja linalizaa jingine, au yametiwa tu? Je, mwisho wake unamwacha msikilizaji na kitu cha kufikiri?

Swali la tatu: Yasomwe vipi? Hadithi huanzwa mwanzo, kwani anayeanza mwisho ameiharibu. Kitabu cha taarifa kina milango mingi. Kina yaliyomo mbele, kina vichwa vidogo katikati, kina picha na maneno chini yake, kina ramani na majedwali, na pengine kina faharasa nyuma. Mtoto wa mvuvi anayetaka kujua bahari itakupwa saa ngapi siku ya bamvua hahitaji kulisoma jedwali lote la mwaka. Hutafuta mwezi, akatafuta tarehe, akasoma mstari mmoja, na kazi yake imekwisha. Mwanafunzi ambaye hajafundishwa hilo atalisoma jedwali kutoka juu kama shairi, na kabla ya kufika katikati atakuwa amechoka na amelichukia.

NAMNA YA KUFUNDISHA KWA HATUA

Katika darasa la kwanza na la pili, kazi hii ifanywe kwa masikio. Mwalimu asome maneno mafupi kwa sauti, na wanafunzi wajibu kwa neno moja kati ya mawili: "Paukwa" au "La mgambo". Akisema, "Palikuwa na fisi aliyependa harusi", watajibu "Paukwa". Akisema, "Kesho kila mwanafunzi aje na fagio", watajibu "La mgambo". Mchezo huu hauhitaji kitabu, na watoto huufurahia. Baadaye mwalimu aingize maneno yenye utata, mathalan, "Pweza ana mikono minane na damu yake ni ya buluu." Darasa litagawanyika, na mgawanyiko huo ndio mwanzo wa somo, kwa sababu jambo hilo ni la kweli ingawa linasikika kama ngano.

Katika darasa la tatu na la nne, wanafunzi wapewe maandishi mawili mawili yanayozungumzia kitu kimoja: kima wa ngano na kima wa Jozani, mnazi wa kitendawili na mnazi wa somo la kilimo, bahari ya hekaya na bahari ya jedwali la maji kupwa na kujaa. Wachore mstari katikati ya ukurasa wa daftari, upande mmoja waandike walichokiona katika maandishi ya kwanza, na upande wa pili walichokiona katika maandishi ya pili. Upande wa fasihi watakuta wahusika, mazungumzo, jambo la kutatiza na jinsi lilivyotatuliwa. Upande wa taarifa watakuta majina ya vitu, idadi, sababu, mpango wa hatua na picha zenye maelezo. Mwalimu asiyaandike mambo haya ubaoni kabla ya wao kuyaona. Anachokiona mtoto kwa jicho lake hudumu kuliko anachokinakili.

Katika madarasa ya juu ya msingi, wanafunzi waandike wenyewe. Mwanafunzi apewe jambo moja, mathalan uokaji wa mkate wa kumimina, aliandike mara mbili. Mara ya kwanza aandike maelekezo ambayo mtu asiyewahi kuuoka anaweza kuyafuata: mchele uliorowekwa, nazi, sukari, hamira na iliki, kwa vipimo na kwa mpango, kitangulie kipi na kifuate kipi. Mara ya pili aandike kisa cha mtu aliyeuoka mkate huo siku ya kupokea wageni, ukamharibikia. Mwanafunzi atagundua mwenyewe kwamba maelekezo hayamhitaji mwokaji kuwa na jina wala khofu, na kwamba kisa hakisimami bila ya hivyo viwili. Kisha daftari apewe mwenziwe ajaribu kuyafuata maelekezo. Yakimkwamisha, yarejewe.

Ama kuhusu vifaa, skuli haihitaji kungoja fedha. Magazeti ya zamani, pakiti za chumvi na za sabuni, ratiba za boti za baina ya Unguja na Pemba, makaratasi ya maelezo yanayotoka ndani ya vikasha vya dawa, matangazo ya mikutano ambayo muda wake umepita, vyote hivi ni vitabu vya taarifa ambavyo hutupwa kila siku. Viokotwe, visafishwe, vibandikwe katika kadi. Kwa upande wa fasihi, hazina iko majumbani. Bibi mmoja akialikwa darasani saa moja, ataacha ngano ambazo zitatosha muhula mzima, nao wanafunzi waziandike kabla hazijapotea.

MAANDISHI YENYE SURA MBILI

Itafika siku mwanafunzi mwerevu atamwuliza mwalimu wake: Je, shairi la kufundisha afya ni fasihi au ni taarifa? Swali hilo lisikatizwe. Yako maandishi yenye sura mbili, na lugha ya Kiswahili ina mifano mizuri. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate takriban mwaka 1858, ni nasaha za mama kwa binti yake, na zimetiwa ndani ya vina na mizani. Umbo lake ni la sanaa, na madhumuni yake ni mafundisho.

Kadhalika Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ameandika katika matawi yote mawili. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alieleza habari za nchi iliyo angani. Mwanafunzi atakayeitafuta nchi hiyo katika ramani atachoka bure, lakini atakayezitafuta tabia za watu wake hatakwenda mbali. Mwandishi huyo huyo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na huyo alikuwa mtu khasa. Alizaliwa Fumba, Unguja, akawa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake katika sahani za santuri, na akafariki mwaka 1950. Wasifu una lugha ya kupendeza kama ya riwaya, lakini msomaji ana haki ya kuuliza mwaka, mahali na ushahidi, haki ambayo hanayo mbele ya Kusadikika. Kalamu ilikuwa moja. Ahadi iliyowekwa baina ya mwandishi na msomaji ndiyo iliyobadilika.

Kwa mifano ya namna hii mwanafunzi atafahamu kwamba uzuri wa lugha hauyafanyi maandishi kuwa ya kubuni, wala ukavu wa lugha hauyafanyi kuwa ya kweli. Ataelewa vilevile kwamba maandishi ya taarifa yanaweza kuwa na makosa, au yakawa yamepitwa na wakati. Ratiba ya boti ya mwaka jana imeandikwa kwa usahihi, lakini anayeifuata leo huenda akaikuta bandari tupu. Ndiyo maana tarehe ya maandishi ni sehemu ya kusoma.

NGANO INAPOVAA NGUO ZA HABARI

Hatari kubwa inatokea pale ngano inapoacha kusema "Paukwa" ikajipitisha kama habari. Wananchi wengi wanakumbuka mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipoenea Pemba na baadaye Unguja, hata watu wengi wakawa wanakesha nje ya nyumba zao kwa khofu. Khofu ya watu ilikuwa ya kweli, na haifai kufanyiwa mzaha. Lakini uvumi huo ulikwenda kwa maneno ya "inasemekana" na "kuna mtu kaniambia", na kila ulipofika uliongezewa jengine. Siku hizi uvumi hauhitaji hata kutembea kwa miguu. Unaingia katika simu ya mkononi, ukiwa na picha na maandishi yaliyopangwa vizuri, na kabla ya alasiri umeshavuka bahari.

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "athibitishe wapi?" ana kinga. Atauliza: Nani kasema? Yeye alijuaje? Wapi? Lini? Kama hapana jibu hata moja, atajua kwamba hilo si la mgambo, hata likiwa limevaa nguo zake. Elimu hii haiwezi kungoja mtoto awe mtu mzima, kwani uvumi haungoji.

WAJIBU WA WAZEE NA WA WATUMISHI WA SERIKALI

Ndugu Wananchi, kazi hii haiwezi kuachiwa mwalimu peke yake. Wazee wanaombwa wawape watoto wao nafasi ya kusoma mambo ya nyumbani: ankara ya umeme, kadi ya kliniki, barua ya skuli, maelezo ya dawa. Mtoto asome, kisha aeleze kwa maneno yake kinachotakiwa kufanywa. Mzee asiyejua kusoma asione haya, amwulize mtoto, "Imeandikwa kiasi gani? Mara ngapi kwa siku?", na amtake aoneshe kwa kidole mahali palipoandikwa hivyo. Jioni, taa ikizimwa na ngano ikianza, iachwe iende mwendo wake bila ya kukatizwa kwa maswali ya idadi na vipimo.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, hapana budi pasemwe neno moja la wazi. Matangazo na waraka zinazotoka maofisini ndiyo maandishi ya taarifa ambayo mtoto huyaona kwanza nje ya skuli. Tangazo linaloanza kwa salamu za mistari sita, likaendelea kwa kueleza umuhimu wa jambo, na siku na saa zikaja kujificha katika mstari wa mwisho, linamfundisha mtoto kwamba siku na saa si muhimu. Tangazo jema hueleza juu kabisa jambo gani, wapi, lini, na mwananchi anatakiwa afanye nini. Likieleweka kwa mwanafunzi wa darasa la nne, limeeleweka kwa mji mzima, kwa sababu katika nyumba nyingi ni yeye atakayewasomea wengine.

Jambo hili la mwisho lisidharauliwe. Elimu bila ya malipo ilipotangazwa Zanzibar mwezi wa Septemba mwaka 1964, wako wazee ambao hawakuwahi kukaa darasani waliowapeleka watoto wao ili nyumba ipate msomaji. Matumaini yao yalikuwa kwamba karatasi ikifika mlangoni, asitafutwe mtu wa mbali kuisoma. Wajukuu wa wazee hao leo wamo katika skuli za msingi, nao bado ndio wanaoitwa usiku kusoma karatasi ya dawa kwa mwanga wa kibatari au wa simu. Kila mwalimu anayemfundisha mtoto huyo kutua mbele ya neno "nusu", akalisoma mara ya pili, akapima kwa uangalifu, anaikamilisha ahadi ile. Na kila Bibi anayemfundisha kujibu "Pakawa" anamhifadhia mahali ambapo vipimo havihitajiki na ambapo kima, kwa akili yake tu, hufika mtini salama.